Kwa nini tumeiacha nyumba ya juu

Mwanangu mpendwa,

Salamu zangu na za mama yako. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mama yako naye asikie. Unauliza kulikoni: miaka yote tumekuwa tukisema tukistaafu tutahamia milimani, picha ya nyumba ya juu yenye baraza linalotazama bonde tulikutumia wenyewe, na sasa unasikia tumeiacha tukachagua nyumba ya kawaida kwenye mji wa chini, hatua chache kutoka kituo cha mabasi. Unaogopa pesa zimepungua, au kuna ugonjwa tunakuficha.

Pesa ni zile zile na mama yako ni mzima. Ila safari hii tulikwenda kule juu kukaa, wala si kutembea. Wiki tatu, na tuliuchagua kwa makusudi ule mwezi ambao wenyeji wenyewe wanaulalamikia.

Usiku wa pili mama yako aliamka akihema. Niliwasha taa nikamkuta ameketi kitandani, mkono kifuani. Alipojilaza tena nikabaki macho namsikiliza: pumzi inapungua, inapungua, inakatika kwa sekunde kadhaa, halafu anaivuta kwa nguvu kama mtu aliyeibuka majini. Nilijua ni moyo. Sikulala hadi kulipokucha.

Daktari aliyempima alituambia moyo wake hauna tatizo. Ile nyumba iko mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na huko mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 72 tu ya ule wa ufukweni, kwa hiyo oksijeni ya kila pumzi nayo inapungua kwa uwiano huo huo. Wengi wakilala kwenye mwinuko wa aina hiyo kabla hawajauzoea, pumzi zao huenda hivyo, kwa mawimbi. Mwili hujirekebisha: figo hutoa homoni inayouamuru uboho uzalishe chembe nyekundu zaidi, na siku zinavyokwenda mtu anapata nafuu. Mama yako alianza kupata nafuu wiki ya pili. Lakini daktari aliongeza neno moja lililonikaa. Mtu mwenye moyo dhaifu au mapafu yaliyochoka hana akiba ya kujirekebisha nayo. Leo akiba hiyo tunayo. Mimi nina miaka 66, na nilikuwa naichagua nyumba kwa mapafu ya leo, wakati atakayeishi humo ni mzee wa miaka 80.

Umenitajia Cuenca, kule Ekwado, kwamba iko kwenye mita 2,500 hivi na bado wastaafu wengi wa Marekani wamehamia huko. Ni kweli, na siwalaumu. Ule ni mji mkubwa wenye hospitali zake, na sehemu yake ya zamani ni tambarare kiasi cha mtu kutembea kwa miguu. Sisemi mwinuko peke yake unamkataza mzee. Ukiwa na kila kitu karibu, mita hizo unaweza kuzibeba. Sisi tungezibeba pamoja na mengine.

Kwa mfano ngazi. Kutoka barabarani hadi mlangoni zilikuwa 43, za mawe, na upande mmoja tu ndio wenye chuma cha kushikilia. Kupanda tulipanda. Jirani yetu, mzee aliyenizidi miaka kama kumi, kila asubuhi nilimwona akishuka kinyumenyume, mikono yote miwili kwenye chuma, akipapasa kila daraja kwa ncha ya kiatu kabla hajalikanyaga. Nilidhani ni mazoea yake tu. Alinieleza kwamba magoti yake bado yanapanda vizuri. Kinachomshinda ni kushuka, kwa sababu hapo goti linabeba uzito wote huku limekunjwa. Mvua ikinyesha hatoki. Wiki ile ilinyesha siku nne mfululizo, na siku zote nne taa yake ilikuwa inawaka mchana kutwa.

Nikafanya jambo ambalo nakuomba ulikumbuke siku ukifika umri huu. Saa nane usiku tuliingia kwenye gari, nikaitazama saa, tukaendesha hadi hospitali. Si zahanati ya pale, hospitali yenye mashine ya kupiga picha ya ubongo. Mtu akipata kiharusi cha damu iliyoganda, dawa ya kuyeyusha lile bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi kabla ya picha kuthibitisha kwamba ubongo hauvuji damu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani, nikawa naufuata mstari mweupe tu. Tulitumia saa 2 na dakika 50, na wote wawili tulikuwa wazima, tumeshavaa, na gari lina mafuta. Barabara ni hiyo moja. Siku tatu baadaye udongo uliporomoka ukaifunga tangu asubuhi hadi kesho yake jioni.

Huku chini tuko mita 1,400, na hospitali ya namna hiyo ni dakika 20.

Kabla ya nyumba hii dalali alituonyesha kiwanja kilichonivutia sana: kipana, tambarare, pale korongo linapofungukia mjini. Mama yako ndiye aliyeinama. Akagusa jiwe kubwa kama meza, la mviringo, limezama nusu ardhini, kisha akanionyesha lingine, na lingine, hadi kwenye ua wa jirani. Akaniuliza, "Haya yamefikaje hapa?" Dalali akanyamaza. Mlimani, pahali pa tambarare kwenye mdomo wa korongo mara nyingi pamefanywa tambarare na mafuriko ya tope na mawe, na kilichopita hapo jana hupita tena. Niliona aibu kwamba nilikuwa nimeshaanza kuhesabu vyumba.

Jua nalo tulilichunguza, saa kwa saa. Kuna mji Norwei, Rjukan, uliobanwa bondeni kiasi kwamba karibu nusu ya mwaka jua haliwafikii, na mwaka 2013 waliweka vioo vikubwa mlimani ili vimulike uwanja wa mji. Sisi hatuna haja ya vioo. Nyumba yetu mpya inapata jua tangu saa mbili asubuhi.

Umeuliza pia kama nasikitika. Ndiyo, mwanangu. Lile baraza nalikumbuka kila siku. Asubuhi moja mawingu yalijaa bondeni hadi ukingoni, na vilele vitatu tu vikabaki juu, tukakaa pale mama yako na mimi hadi chai ikapoa, bila kusema neno. Nilitamani nizeekee hapo.

Ila usiku ule nikimsikiliza mama yako akipumua, nilijiuliza jambo tusilopenda kulizungumza. Mmoja wetu atatangulia. Mama yako haendeshi gari usiku, na mimi macho yangu unayajua. Nyumba ile ilihitaji watu wawili wenye nguvu. Hii ya chini, atakayebaki anaweza kutoka peke yake, akapita kwa mwenye duka la dawa anayemjua kwa jina, akapanda basi la kuja kwako. Mji huu hauishi kwa watalii, kwa hiyo msimu wao ukiisha maduka hayafungwi. Nilimwambia mama yako hayo asubuhi, naye akajibu alikuwa anayawaza yeye pia, ila aliogopa kunivunjia ndoto.

Tumepanga kwa mwaka mmoja kwanza, hatujanunua. Milima tunaiona kwenye dirisha la jikoni, midogo kidogo kuliko kule, lakini ni ile ile. Chumba cha nyuma ni chenu. Mama yako anauliza mtakuja wangapi mwezi wa kumi na mbili, mwandikie mapema, anataka kujua anunue vitanda viwili au vitatu.

Baba yako