Walimu wageni wa Thailand, futeni "take = ao" ubaoni

Wadogo zangu mlioshuka Bangkok Mei hii na kusambazwa mikoani, karibuni. Najua mmechoka. Fomu za uhamiaji, kibali cha kazi, barua ya Khurusapha, baraza la walimu la Thailand, ya kufundisha bila leseni, alama za TOEIC, ule mtihani wa Kiingereza, ambazo sisi tusiozaliwa kwenye Kiingereza tunadaiwa kila tukigeuka. Hayo yatapita, na kuripoti kila baada ya siku 90 mtakuzoea. Kilichonikalisha kuandika ni kingine. Juzi niliombwa kukaa nyuma ya madarasa ya baadhi yenu, na karibu kila darasa nilikuta ubao uleule: TAKE kwa herufi kubwa, alama ya sawasawa, neno la Kithai "ao", halafu chini yake maana zimepangwa kuanzia 1 hadi 18. Watoto wa M.2, yaani mwaka wa pili wa sekondari, arobaini na kitu, wameinama wananakili kimya kama makarani wa mahakama. Mwalimu kasimama pembeni, karidhika.

Jamani. Ubao huo naufahamu. Niliuandika mimi kabla yenu, tena kwa kalamu za rangi tatu.

1. Anzeni na kile Mthai anachosema tayari. Mthai hana kitenzi kimoja cha kubeba mzigo wote wa "take". Akiondoka na kitu anasema "ao pai", akija nacho "ao ma". Mtu hatumii "ao", anapelekwa kwa "pha". Songthaew, ile pikapu ya mabenchi mawili ambayo ndiyo daladala yenu sasa, anaipanda, "khuen", vilevile kama sisi. Viatu anavivua, "thot". Mtihani anaufanya, "sop". Dawa anakula, "kin". Picha ni "thaai", na hilo neno msilijaribu peke yake bila "ruup" nyuma yake, maana kwa daktari "thaai" ni kwenda haja kubwa. Kwa hiyo ukiandika "take = ao" umemfundisha kipande kidogo cha kitenzi na kumwapia kwamba ndicho kitenzi chenyewe. Vipande vingine kumi na saba ulivyoorodhesha chini atavisoma vyote kwa jicho la "ao".

2. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Muhula wangu wa kwanza nilikuwa na kijana mmoja wa M.2, mpole, mkaa karibu na feni. Asubuhi moja, baada ya bendera ya saa 2, nikamwona kalaza kichwa mezani. Nikamgusa paji la uso: moto. Nikampeleka kwa muuguzi wa shule. Muuguzi akampima, akatoa vidonge viwili vya paracetamol, akavitia kwenye kifuko cha plastiki na kunikabidhi mimi, kwa kuwa kijana alikwishatoka mlangoni anavaa viatu. Akaniambia polepole, kwa sauti wanayowatengea wageni: "Kin lang ahan." Kula baada ya chakula. Kithai changu cha wakati ule kilitosha kulielewa hilo, na siku hiyo nilijiona profesa.

Mtu mwenye akili zake angerudia maneno yaleyale matatu akaendelea na kazi. Lakini mimi wiki hiyohiyo nilikuwa nimefundisha "take", orodha nzima, na "take medicine" ilikuwa namba 7. Nikaona hapa pana fursa ya kufanyia mazoezi. Nikampa kifuko, nikamwambia kwa sauti ya darasani: "Take this medicine after lunch." Kisha nikaongeza kosa juu ya kosa, nikauliza: "Khao jai mai?" Umeelewa? Akajibu "Khao jai khrap", akanipigia wai, ile heshima ya kukutanisha viganja, akaenda zake. Nilirudi ofisini nikijisifu moyoni kwamba huko ndiko kufundisha lugha kwa vitendo.

Saa 7 mchana nipo ofisi ya walimu, nasahihisha. Kijana anaingia, macho mekundu, shati limelowa jasho, kifuko kakishika kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka unapompa mkubwa kitu. "Teacher, I take already." Nikakitazama kifuko. Vidonge viwili, havijaguswa. Alivichukua! Alikwenda navyo kantini, akala wali wake na vidonge viko mezani pembeni ya sahani, alipomaliza kula akaviinua, akaniletea. Alitekeleza agizo langu neno kwa neno, kwa mujibu wa ubao wangu mwenyewe. Chukua dawa hii baada ya chakula.

Msidhani alikuwa mjinga. Hakuna mtoto wa miaka kumi na minne asiyejua kidonge ni cha kumeza, na sina shaka agizo lilimshangaza. Lakini mwalimu mgeni kasema, na mwalimu kauliza kama umeelewa, na jibu la swali hilo ni moja tu. Mtaisikia sana kreng jai: kumwonea mtu haya usimsumbue, usimuaibishe, usimfanye aonekane hakueleza vizuri. Kijana alipita saa nne na homa yake kwa kunistahi mimi.

Niliruka kutoka kwenye kiti nikisema "kin! kin!" mbele ya ofisi nzima. Walimu wa Kithai wakacheka, kisha wakauona uso wa mtoto, wakanyamaza. Mwalimu mmoja wa zamani wa idara, mama wa makamo, akamketisha chini ya feni, akamletea maji, akahakikisha kameza. Halafu akaja mezani kwangu na daftari la kijana. Akalifungua kwenye orodha yangu. Mwandiko safi, hakuna kufuta. Namba 7, "take medicine", na mbele yake kijana kaandika tafsiri kwa kanuni niliyompa: "ao ya". Kuchukua dawa. Nilikuwa nimelisahihisha daftari hilo. Tiki yangu nyekundu ilikuwa pale.

Yule mama hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliuliza tu, kwa upole: kwenu dawa mnaichukua? Nikasema hapana, tunameza, wengine tunasema tunakunywa hata kama ni kidonge. Akasema, "Mm." Akarudi kwenye meza yake. Nilikaa na ile "mm" muhula mzima.

Homa ilishuka jioni ileile. Kijana keshamaliza shule siku nyingi, na Kiingereza chake ni kizuri, shukrani kwa walimu wengine.

3. "Khao jai mai?" ifuteni kichwani. Mwambieni mtoto akuonyeshe atakachofanya.

4. Sasa faida mnayoikalia bila kujua. Wenzenu wa kutoka Uingereza wanapata tabu kuona kwa nini kitenzi kimoja kinaweza kwenda na vitu visivyohusiana. Sisi tumekulia humo. Tunapiga simu, pasi, mswaki, picha, kura na hodi, na hakuna anayepigwa. Ila kwa Mthai ufunguo si "piga", ni "kula". "Kin" yao ni ndugu wa kula yetu. Mla rushwa kwa Kithai anakula kabisa, "kin sin bon". Shughuli ndefu inakula muda, "kin wela". Kiyoyozi kibovu kinakula umeme, "kin fai", kama gari bovu la mjomba wako linavyokula mafuta. Sasa pangeni pamoja: dawa, rushwa, muda. Mwingereza anatumia "take" kwa vyote vitatu. Mthai "kin" kwa vyote vitatu. Anayesema "eat medicine" hajakosa akili, kakosa kitenzi tu, na mkimwonyesha hivyo vitatu kwa mkupuo anacheka, na akicheka kashika. Mimi huwaongezea kwamba kwetu hata kiapo kinaliwa. Siku nilipowaambia hivyo darasa la M.5 waliniuliza kama kinaliwa na wali.

Mkuu wa idara mmoja aliwahi kuniambia mfano wa rushwa haufai darasani. Nikaweka "take time" mbele na rushwa nikaiacha waipate wenyewe. Waliipata kabla sijamaliza kufuta ubao.

5. Hili la "ao" na "pha" si la Kiingereza tu, ni la usalama wenu. Mtu usimwambie "ao" ukamwacha hivyo, ukidhani umesema utampa lifti ya pikipiki. Ina maana nyingine ambayo sitaiandika hapa. Muulizeni Mthai mtu mzima, rafiki, mkiwa wawili.

6. Kila mgeni anawacheka watoto kwa "I'm fine, thank you, and you?" inayotoka kwa pumzi moja hata kwa mtoto mwenye homa. Cheka, halafu fikiri: ndiyo sentensi pekee ya Kiingereza ambayo nchi nzima inaisema bila kukosea. Hakuna aliyewachambulia. Waliipokea nzima, mahali pake, kila asubuhi. Basi "take" nayo igaweni hivyo hivyo. "Take your shoes off" ifundishwe mlangoni, maana viatu vinavuliwa hapo kila siku. "Take turns" kwenye mchezo. "Take a photo" simu zikiwa mkononi, hamtahitaji hata kuomba. "Take a break" dakika mbili kabla ya kengele. Moja kwa wiki inatosha. Mwisho wa muhula mtakuwa nazo nyingi kuliko zile 18, na hakuna daftari litakalokuwa limenakiliwa.

7. Wakati uliopita anzeni na "took", si na vitenzi vya -ed. Mthai akimaliza neno kwa k anaifungia kooni, na s ya mwisho haipo kabisa katika lugha yake, kwa hiyo "take" na "takes" zote zitatoka "tek" na wala si uvivu. Lakini irabu anazisikia kuliko wewe. Tofauti ya "tek" na "tuk" anaishika mara moja. Na ninyi mjichunge: sisi tuna tabia ya kulivalisha kila neno irabu mwishoni, na hawa watoto wanaiga vizuri mno. Nimepita nje ya darasa la mmoja wenu nikasikia vinywa arobaini vikiimba "teki".

8. "Take out your books" bila ishara ya mkono, nusu watabeba vitabu kwenda nje. Onyesheni begi.

9. "Take care" hamtaifundisha, wanayo. Imekuwa Kithai, "thek khae", na maana yake ni kumtunza mtu, hata kumdekeza. Wakikwambia mwalimu fulani ana-thek khae sana, wanamsifia, hawaagani.

10. Mtihani wa katikati ya muhula. Msitunge nafasi kumi za kujaza ambazo jibu lake lote ni "take". Mtoto atagundua kwenye ya tatu, atajaza zilizobaki bila kusoma, atapata kumi, na wewe utaandika kwenye ripoti kwamba mada imeeleweka. Changanyeni na "get", "have" na "make", wekeni picha, na sentensi moja angalau ambayo "ao" inamdanganya, ili mjue nani bado anaishi kwenye namba 1. Mpeni Mthai wa idara aisome kabla. Na juu ya karatasi andikeni mwaka wa Kibudha, yaani mnaongeza 543; muhula uliopita karatasi ya mgeni mmoja ilirudishwa kwa hilo tu, maswali yenyewe hayakutazamwa.