Maswali ya Wasomaji: Safari, Sayari na Droidi wa Star Wars

Tangu filamu ya kwanza ya Star Wars, kazi ya George Lucas, ilipoanza kuonyeshwa nchini Marekani tarehe 25 Mei 1977, galaksi yake ya kubuni imeongezewa filamu, vitabu, katuni na tamthilia nyingi mno, hata mtazamaji mpya hajui aanzie wapi. Barua za toleo hili zinauliza zaidi jinsi mambo yanavyofanya kazi humo. Nimezijibu kwa kufuata filamu zenyewe pamoja na masimulizi yanayotambuliwa na wamiliki wake tangu mwaka 2014, walipoamua kuwa sehemu kubwa ya vitabu vya awali isihesabiwe tena kuwa historia rasmi.

Ndugu Mhariri, wahusika wa Star Wars huivuka galaksi nzima kwa muda mfupi sana. Wanawezaje kuuzidi mwendo wa mwanga? Na kama wanaweza, kwa nini hawaendi moja kwa moja wanakotaka?

Mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, na hata kwa mwendo huo ungehitaji miaka kama 100,000 kuikata galaksi yetu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Watunzi wa Star Wars hawakushindana na kanuni hiyo, bali waliizunguka. Chombo chenye injini ya haipadraivu hutoka katika anga ya kawaida na kuingia haipaspesi, ambako masafa yanayoshinda akili hukatwa kwa saa au siku kadhaa.

Uhuru huo lakini una masharti, na hapo ndipo ninapovutiwa zaidi. Nyota, sayari na vitu vingine vizito huacha kivuli cha mvutano ndani ya haipaspesi, na chombo kinachokumbana na kivuli hicho hutupwa nje au huangamia. Ndiyo maana rubani hawezi kuondoka kabla kompyuta ya kuongozea njia haijamaliza hesabu zake, hata kama adui yuko nyuma yake akimfyatulia mizinga. Jeshi la Himaya, utawala wa kidikteta unaoitawala galaksi hiyo kwa mabavu, linaujua udhaifu huo, nalo limeunda manowari maalumu zinazotengeneza kivuli cha mvutano cha bandia ili kuwanasa wanaokimbia.

Sharti hilo ndilo linaloichora ramani ya siasa ya galaksi hiyo. Kwa kuwa njia salama ni chache, na kila moja ilipaswa kuvumbuliwa na kupimwa, biashara na majeshi hupita katika barabara kuu zinazojulikana, kama vile Hydian Way na Corellian Run. Sayari zilizo karibu na kitovu, kwa mfano Coruscant, ambayo uso wake wote ni jiji moja, zilitajirika na kutawala. Zile za Ukingo wa Nje zilibaki mikononi mwa wenye nguvu wa huko huko. Katika filamu ya mwaka 1999, Mwalimu wa Jedi, yaani mmoja wa mashujaa walinzi wa amani, anapotaka kununua kipuri huko Tatooine, sayari ya jangwa, kwa fedha za Jamhuri, serikali iliyokuwepo kabla ya Himaya, mwenye duka anazikataa papo hapo, na katika duka hilo hilo anatumikishwa mtoto ambaye ni mtumwa, ingawa sheria za Jamhuri zinakataza utumwa. Hakuna anayesimama kumweleza mtazamaji kwamba serikali ya mbali haina meno mahali hapo, kwa sababu duka lenyewe limekwisha kulisema hilo.

Tena injini hizo huharibika. Sehemu kubwa ya filamu ya mwaka 1980 inategemea jambo hilo moja: Han Solo, rubani mlanguzi, anavuta mkono wa kuondokea, wenzake wanajikaza vitini, injini inalia kwa sauti inayofifia, na nyota zinabaki palepale zilipokuwa. Kama chombo chake kisingekuwa kibovu siku hiyo, hadithi ingekwisha kabla ya kuanza.

Han Solo hujisifu kwamba alikamilisha safari ya Kessel kwa chini ya parseki 12. Mwalimu wangu wa fizikia alisema parseki hupima umbali, wala si muda. Je, ni kosa la mwandishi?

Mwalimu wako yuko sahihi: parseki moja ni sawa na miaka nuru 3.26 hivi. Jibu la masimulizi rasmi lilitolewa na filamu ya Solo ya mwaka 2018, ambamo njia ya kutoka Kessel inapinda kuyakwepa maeneo ya hatari, na kwa kawaida huchukua parseki 20. Solo alikatiza kandokando ya hatari yenyewe, akaufupisha mwendo hadi parseki 12 na ushee. Kwa hiyo sifa yake ni ya kuthubutu kupita njia fupi, na hata humo amepunguza kidogo hesabu ili ipendeze masikioni. Mimi naliona kuwa jibu zuri, kwa sababu linakubaliana na tabia ya mtu huyo kama tulivyomjua tangu mwaka 1977.

Je, sayari yenye majua mawili kama Tatooine inaweza kuwepo kweli? Na mbona kila sayari ya Star Wars ina hali moja tu ya hewa?

Kuhusu majua mawili, wanaastronomia wamekwisha kutujibu. Mwaka 2011 walitangaza kugunduliwa kwa Kepler-16b kwa kutumia darubini ya anga ya Kepler. Sayari hiyo, ambayo uzito wake unakaribia ule wa Zohali, huzunguka nyota mbili kwa pamoja kwa muda wa siku 229 hivi, huku nyota hizo zikizungukana zenyewe kila baada ya siku 41. Mtu hawezi kusimama juu yake akatazama machweo kama Luke Skywalker, kijana shujaa wa filamu ya kwanza, kwani ni baridi mno na haidhaniwi kuwa na ardhi ngumu ya kukanyaga. Hata hivyo mzunguko wake ni imara, na zaidi ya sayari kumi za aina hiyo zimepatikana tangu wakati huo.

Swali la hali ya hewa ni zito zaidi. Sababu ya kwanza ni ya kiutengenezaji: Tatooine ilipigwa picha katika majangwa ya Tunisia, na Hoth katika theluji ya Finse nchini Norwei, na mtazamaji alipaswa kutambua kwa mtupo mmoja wa jicho kuwa amehamia sayari nyingine. Ulimwengu wenye sura moja si jambo la ajabu katika mfumo wetu wa jua pia, maana Mirihi ni jangwa la baridi pande zote, na Europa, mwezi wa Mshtarii, umefunikwa na barafu yote. Kinachonitatiza mimi ni pumzi. Oksijeni ya Dunia yetu inatokana na mimea na viumbe vidogo vya majini vinavyotumia nuru ya jua kujitengenezea chakula, lakini Tatooine haina bahari wala misitu, na wakulima wake hukamua unyevu kutoka hewani kwa mitambo ili wapate maji ya kunywa. Watunzi waliifikiria kiu ya watu hao kwa makini sana, ila filamu hazituelezi hewa wanayoivuta inatoka wapi.

Je, injini za ioni za ndege za kivita za Himaya ni ndoto tupu?

Injini za ioni zipo. Chombo cha NASA kiitwacho Deep Space 1, kilichorushwa mwaka 1998, kilisukumwa na injini iliyozipa atomu za zenoni chaji ya umeme na kuzitupa nyuma kwa kasi kubwa. Tofauti ni kwamba msukumo wake ulikuwa mdogo kama uzito wa karatasi juu ya kiganja, hivyo ulihitaji miezi mingi kuongeza kasi. Injini ya namna hiyo inafaa kwa safari ndefu za utafiti, wala haifai kwa mapambano ya kukata kona.

Droidi, yaani roboti wa Star Wars, wanaogopa, wanabishana na kuwapenda rafiki zao. Kwa nini basi wananunuliwa na kuuzwa hata na watu tunaoambiwa ni wema?

Nimelisubiri swali hili kwa muda mrefu. Ndani ya masimulizi, sheria na mila za galaksi hiyo humhesabu droidi kuwa mali. Filamu ya kwanza inatuonyesha wafanyabiashara wa jangwani wakimuuza C-3PO na R2-D2 kwa mkulima, kisha mwenye baa akiwafukuza kwa kuwa hahudumii wa aina yao. Hata Luke na Solo wanapokea mpangilio huo bila kuuliza.

Ukatili ulio mkubwa kuliko wote ni kufutwa kumbukumbu. Mwishoni mwa filamu ya mwaka 2005, Seneta Bail Organa, mtu muungwana kwa kila kipimo, anaagiza kumbukumbu za C-3PO zifutwe ili siri ya watoto wa Padmé, mama yake Luke, isivuje. Agizo linatolewa kwa sentensi moja, naye C-3PO anashtuka, lakini hakuna anayemtetea. R2-D2 anaachwa na kumbukumbu zake zote. Katika filamu ya mwaka 2019 jambo hilo linarudi kwa sura tofauti: C-3PO anakubali kufutwa ili maandishi aliyokatazwa kuyatafsiri yapatikane, na kabla ya hapo anaomba awatazame rafiki zake kwa mara ya mwisho. Kwangu mimi, mwenye uwezo wa kuomba hivyo si mali, na nasikitika kwamba hakuna filamu kuu iliyolifanya jambo hilo kuwa kiini chake.

Nimesikia kwamba mhusika mmoja wa Star Wars anazungumza Kikuyu. Ni kweli?

Ni kweli kabisa. Anaitwa Nien Nunb, rubani mwenye macho makubwa meusi na mashavu yaliyoning'inia, anayekaa kando ya Lando Calrissian, rafiki wa Solo, katika vita vya Endor kwenye filamu ya mwaka 1983. Msanii wa sauti Ben Burtt alikuwa na desturi ya kutafuta lugha halisi za kumpa mwongozo. Lugha ya Wahutt, viumbe wanene wanaofanana na konokono wasio na gamba, kwa mfano, ilipata mwangwi wake kutoka Kiquechua cha Amerika Kusini. Kwa Nien Nunb alimpata Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani, naye akatamka maneno yake kwa Kikuyu kinachoeleweka, hivyo anayeijua lugha hiyo hahitaji kumsubiri Lando ajibu ndipo aelewe kilichosemwa. Nien Nunb aliporejea katika filamu ya mwaka 2015, Rotich aliitwa tena kumpa sauti.