Maziwa ya Mfugaji: Maswali Yenu

SWALI: Tumeanza kuletewa lita 4 kila asubuhi kutoka kwa mfugaji wa Limuru. Mume wangu anataka watoto wayanywe mabichi, eti kuchemsha kunaua nguvu yake. Na siku nyingine yanakatika mekoni. Tufanyeje? – Mama Wawili, Kahawa West

JIBU: Mama Wawili, nunueni mabichi, ila msiyanywe mabichi. Ukichemsha unapoteza kiasi cha vitamini C, ambayo maziwa hayana nyingi hata hivyo, na vitamini B kidogo. Protini na kalsiamu zinabaki palepale. Usipochemsha unaachia brusela, kifua kikuu cha ng'ombe na aina hatari za E. koli. Ng'ombe mwenye brusela anaweza kuonekana mzima na maziwa yake yakawa matamu kabisa, kwa hiyo kunusa na kuonja hakusaidii kitu. Aliyeambukizwa hupata homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, na mara nyingi hutibiwa malaria au taifodi kwanza. Watoto wadogo na wajawazito ndio wa kulindwa zaidi.

Tumia sufuria nzito, koroga hadi chini yasishike, na yakishaumuka punguza moto uyaache yatokote dakika 1 au 2. Hapa Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, yanachemka kwenye digrii 95 hivi. Inatosha: viwandani digrii 72 kwa sekunde 15 hukubalika. Kisha tia sufuria ndani ya karai la maji baridi, ubadilishe maji mara mbili, ndipo uyaweke kwenye friji. Kuyaacha mezani yapoe yenyewe mpaka jioni ni kuyaharibu kwa hiari.

Kukatika ni dalili ya asidi: yameanza kuchacha njiani. Muulize mfugaji kama anachanganya ya jana jioni na ya leo, na anabebea nini. Jerikeni ya plastiki yenye shingo nyembamba haisuguliki ndani. Mkebe wa alumini wenye mdomo mpana husafishika vizuri. Nawe chemsha kijiko kimoja kwanza. Kikikatika, usimwage lita 4 sufuriani; mrudishie.

Muulize pia anawalisha nini. Sumu ya kuvu (aflatoksini) kutoka kwa mahindi au lishe iliyoota ukungu huingia kwenye maziwa, na hiyo moto hauiondoi.

SWALI: Mtindi wangu unabaki majimaji hata nikiulaza usiku kucha. – Msomaji, Umoja

JIBU: Kwanza joto. Chemsha lita 1, acha ipoe hadi digrii 43 hivi, yaani kidole safi kivumilie hesabu ya 10 bila kuungua. Yakiwa ya moto zaidi utaua bakteria wa mtindi. Yakipoa mno watalala. Tia vijiko 2 vya mezani vya mtindi wa dukani usio na sukari wala ladha, ulio na bakteria hai, na mpya: uliokaa friji wiki tatu umechoka. Koroga polepole, funika, funga sufuria kwa blanketi au mimina kwenye thamosi pana, usiitikise kwa saa 6 hadi 8. Mwezi wa Julai, kwa baridi ya hapa, sufuria isiyofungwa haifiki popote.

Ukifuata haya yote na bado hayagandi, shuku dawa. Ng'ombe aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele kwa antibiotiki hutoa maziwa yenye mabaki ya dawa hiyo. Mabaki hayo yanaua bakteria wa mtindi, na kuchemsha hakuyaondoi kwa uhakika. Mfugaji anapaswa kutouza maziwa hayo mpaka siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa ziishe. Ukivuta kijiko na mtindi ukafuata kama uzi mrefu, hapo huenda ni uchafu: mwaga, chemsha vyombo, anza na mtindi mwingine.

Maziwa lala ni kazi nyingine. Yanataka digrii 22 hadi 25, takriban siku nzima, na bakteria wao wenyewe. Mtindi hautayatengeneza.

SWALI: Malai yangu hayatoi siagi. – Kijana wa Rongai

JIBU: Huenda ni ya moto. Yapoze hadi digrii 12 hadi 15, jaza chupa nusu tu, tikisa. Yakigeuka chembechembe, mwaga maji yake na uoshe siagi kwa maji ya baridi yaliyochemshwa mpaka yatoke safi, la sivyo itachacha upesi.