Bwana harusi anataka suti, nami sijawahi kukata koti

SWALI: Shikamoo mama. Huu ni mwaka wangu wa pili kwenye ufundi cherehani. Sketi, magauni, suruali na sare za shule nazimudu. Koti la suti sijawahi kulishika. Mwenzangu huniambia nisijichoshe na kitu ambacho hakijaletwa, kazi ikija itanifundisha yenyewe. Sasa imekuja: bwana harusi kaleta kitambaa, harusi ni baada ya wiki 3. Nipokee?
Fundi kijana, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Kitambaa hicho usikikate.

Mwenzako hajakosea yote. Zipu ya kujificha niliijua usiku mmoja, gauni la mteja likiwa mapajani mwangu. Niliifumua mara 3, asubuhi mwenyewe akalivaa akaenda zake. Uzi unafumuliwa, kitambaa kinabaki kizima, ndiyo maana mengi ya mshono unaweza kuyangoja. Mkasi ni habari nyingine.

Mwaka 1998 mama mmoja aliniletea khanga ya marehemu mama yake nimshonee gauni. Khanga nilizoea kuzivaa, kuikata sikuwahi. Nikaikunja kama ninavyokunja kitenge, nikachonga shingo. Kuikunjua, jina, yale maandishi ya khanga, limetoboka, maneno ya katikati yako sakafuni. Nilimnunulia doti mpya. Aliipokea, kisha akaokota vile vipande vya zamani kimoja kimoja, akavikunja na kuvitia mkobani. Hakunigombeza. Mikono yake bado naiona.

Kwa hiyo mwambie bwana harusi ukweli leo hii, maana wiki 3 zinamtosha kupata fundi wa makoti. Mpeleke wewe mwenyewe. Umwombe fundi huyo usimame mezani kwake siku ya kukata, na suruali akuachie uishone wewe, usitoke mikono mitupu.

Halafu usingoje harusi nyingine. Nunua koti la mtumba la bei ya chini, ulifumue lote. Utaona mkono mmoja una vipande 2, tena havilingani upana. Vipige pasi, uvichore kwenye karatasi za mifuko ya saruji, kisha ukate shuka kuukuu. Koti la kwanza litakataa kukaa begani, mkono utavuta. Kata la pili, hata la tatu. Mfuko wa kifuani nao hupasuliwa kwa mkasi, basi ufanyie mazoezi sasa. Bitana, kile kitambaa cha ndani, itamsubiri mteja, maana mshono wake unafumuliwa.