Jibu: Mama anasahau kila kitu, kuna haja ya kumtembelea makaoni?

Dada, umeuliza kama kuna haja ya kwenda kumwona mama makaoni wakati ukigeuza mgongo tu ameshasahau kuwa ulikuja. Nenda. Nasema hivi kwa niliyoyaona kwa mjomba wangu, aliyemalizia uzee wake kwenye makao ya wazee huku kwetu Mtwara.

Mjomba alikuwa mchonga vinyago, Mmakonde wa Newala. Ugonjwa wa kusahau ulipomkolea, Kiswahili kikaanza kumtoka, kikabaki Kimakonde. Wahudumu walimtunza kwa moyo, lakini wengi walitoka mikoa mingine, hivyo kutwa nzima yumo katikati ya watu na hana wa kuongea naye. Mwaka mmoja mvua zilikata barabara, ndugu tukashindwa kufika. Mvua zilipokwisha tulimkuta mchana anasinzia, usiku anazurura, chakula anakisukuma. Kila mtu akasema basi, ugonjwa umefika ukingoni.

Tukapangana zamu, wawili wawili, na tukaomba awe anakaa barazani na mzee mwenzake anayejua Kimakonde. Kumbukumbu hazikurudi, jina langu hakulipata tena mpaka anafariki. Lakini akaanza kula, usiku akalala, na ile hasira ya jioni ikapungua. Ndipo nilipoamini kwamba upweke ulikuwa unamla pamoja na ugonjwa.

Kuhusu hilo la kusahau, mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya ugonjwa huu wa kusahau, filamu za kuhuzunisha na za kufurahisha. Baada ya muda mfupi wengi hawakukumbuka walichotazama, lakini huzuni au furaha ilikuwa bado imo ndani yao. Mama yako naye atasahau kwamba ulikuja. Utulivu uliomwachia hautaondoka na wewe palepale. Hata hapa nchini, wilayani Hai, Kilimanjaro, wazee wenye maradhi ya kusahau waliwekwa kwenye vikundi vya mazungumzo na michezo kwa vikao 14, na uwezo wao wa kufikiri ukaonekana kupata nafuu.

Ukifika usimfanyie mtihani wa "unanijua mimi nani?" Inaumiza. Msalimie, jitaje mwenyewe: "Shikamoo mama, mimi fulani, mwanao." Nenda asubuhi, kwa sababu jioni wengi huchanganyikiwa zaidi. Mpe kazi ya mikono aliyoizoea, hata kuchambua mbaazi kwenye ungo, na mfanye pamoja. Redio ya kumwekea kitandani haihesabiki kuwa mtu. Omba pia apimwe masikio, maana asiyesikia hujitenga hata akiwa kwenye kundi.

Jambo moja usilichanganye na upweke: akibadilika ghafla, ndani ya siku moja au mbili, akaweweseka au kulala kupita kiasi, waambie wampeleke hospitali siku hiyohiyo. Inaweza kuwa malaria au maambukizi ya njia ya mkojo, na hayo yanatibika.