Ndugu kakamatwa kwa kuacha watoto peke yao: kesi hizi zinavoisha mahakamani, nilivoona Kigoma

Mkuu pole sana. Nimesoma ulivoandika, kwamba dada ako kakamatwa huko Kasulu, aliwafungia watoto ndani akaenda shamba, mdogo akaangukia moto, faili linaenda mahakamani na wazee wa ukoo wanataka wakalimalize nyumbani, unauliza atafungwa au hafungwi. Mimi ndo nilikua mdhamini wa shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, hapa Kigoma mjini kwenye kesi inayofanana na hiyo, na toka hapo nimeshasindikiza na wengine, kwaio nakwambia nilichokiona.

Hilo la wazee liacheni. Jalada likishafunguliwa na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ikajazwa hospitali, kesi sio ya ukoo tena, ni ya Jamhuri, yani serikali ndo inashtaki. Wazee watakaa, watakubaliana, hata karatasi watasaini, ila hakuna hata mmoja pale mwenye uwezo wa kuifuta. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu hakimu kusuluhisha watu, ila ni yale makosa madogo ya mtu na mtu, mfano majirani wametandikana vibao. Ukatili kwa mtoto adhabu yake inaanzia miaka 5 mpaka 15, au faini isiyozidi laki tatu, au vyote viwili, na juu yake fidia kwa mtoto, na kosa lolote la miaka 3 kwenda juu linahesabika kosa kubwa, hapo suluhu ya hakimu haipiti. Alafu kuna washauri wa vijiweni watakwambia mashahidi wasitokee kesi itakufa yenyewe. Ni kweli mashahidi wakikosekana kesi inaweza kuondolewa, nimeona, ila kuondolewa hivo sio kuachiwa huru, nimeona pia mtu anatoka nje anashangiliwa na ndugu anakamatwa tena pale pale kwenye ngazi za mahakama anasomewa upya. Na kumficha shahidi au kupokea hela ili kesi ife ni jinai nyingine, msije mkaongeza wa pili ndani.

Kitu ambacho watu hawakiangalii kabisa na ndo kimebeba kila kitu ni kosa gani limeandikwa kwenye hati ya mashtaka. Maana tukio moja linaweza kuandikwa kwa majina tofauti na kila jina lina mzigo wake. Kuna huo ukatili kwa mtoto, uliingizwa kwenye Kanuni ya Adhabu mwaka 1998 na SOSPA, ile sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana, huo unahusu mtu mwenye mtoto mikononi mwake akamtesa, akamtelekeza au akamwacha kwa namna inayoweza kumuumiza. Kuna kutelekeza mtoto wa chini ya miaka 14 bila msaada. Kuna kumnyima mtoto chakula na mahitaji wakati uwezo unao. Kuna Sheria ya Mtoto ya 2009 yenyewe, ukimtendea mtoto vitendo vya kikatili faini haizidi milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi 6 au vyote. Na kuna uzembe wa kuhatarisha maisha, ikiwemo kutochukua tahadhari na moto, hilo ni kosa dogo, mwisho wake kwa kawaida ni miaka 2 au faini. Unaona umbali ulivo kati ya hapo na miaka 15.

Shemeji yangu biashara yake ni dagaa. Mitumbwi inaingia mwalo wa Kibirizi, pale samaki wanaposhushwa, alfajiri na ukichelewa umekuta walanguzi wamemaliza, kwaio anaondoka giza bado, watoto wamelala, mkubwa yuko darasa la kwanza, jiko la mkaa limebaki na uji juu ili wakiamka wanywe. Wa mwisho akavuta sufuria. Majirani ndo walimkimbiza hospitali ya Maweni na mtendaji akapiga simu polisi, mama anarudi na ndoo yake kichwani anakuta difenda ya polisi. Alisomewa ukatili kwa mtoto. Yule mama hajawahi kumchapa mtoto hata kwa ufito, ila hati ndo inasema hivo.

Kilichobadilisha ni taarifa ya afisa ustawi wa jamii. Nakuomba hapa usome taratibu. Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi likishapokea tukio, ustawi anaingia, anakuja nyumbani, anaongea na majirani, anaenda shule, anaangalia mtoto analala wapi na nani anampeleka kubadilishwa bandeji. Kazi yake sio kumfunga mama, kazi yake ni mtoto asirudi kwenye hatari ileile, na akiona hatari ipo anaweza kwenda Mahakama ya Watoto kuomba amri mtoto akae kwa walezi wa kuaminika au nyumba iwe chini ya uangalizi. Hiyo ni njia nyingine kabisa, inatembea sambamba na kesi ya jinai ya mama. Sisi tulimleta bibi yao kutoka Buhigwe akahamia pale, jiko likahamishiwa nje kwenye kibanda, mtoto hajakosa kliniki ya kidonda hata siku moja, na yote hayo yakaingia kwenye taarifa sio kwa sababu tulimbembeleza mtu ila kwa sababu alikuja akayakuta. Bibi anaongea Kiha tu kwaio mtu wa ustawi akatafutiwa wa kumtafsiria. Na hata mahakamani, japo toka 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, mshtakiwa au shahidi asiyekielewa vizuri ana haki ya mkalimani, msione aibu kuomba, nimeona mtu anaitikia ndiyo ndiyo kwa vitu ambavyo hajavielewa.

Faili lilipofika kwa mawakili wa serikali wakaona ukatili hautasimama, mtoto hakuteswa na hakutelekezwa, kilichopo ni moto kuachwa bila mtu. Hati ikabadilishwa ikawa uzembe. Akasomewa upya, akakubali, maelezo ya kosa yakasomwa yote akaulizwa moja moja kama ni kweli. Hapo wakili wetu wa msaada wa kisheria alishamwambia, kama kuna sentensi sio ya kweli sema hii hapana, usikubali kwa jumla ili uwahi kurudi nyumbani, maana ukikubali kitu ambacho hukufanya hukumu inasimama juu ya hicho, na ukisema nakubali lakini, hakimu anatakiwa aandike umekana na kesi isikilizwe. Kumbukumbu za makosa ya nyuma hana, taarifa ya ustawi ikasomwa, hakimu akamwachia kwa sharti la kutotenda kosa ndani ya miezi 12.

Sio zote zinaisha hivo na sitakudanganya. Pale pale nilimshuhudia mwanaume aliyekua anamfunga mtoto wa mkewe kamba na kumuunguza kwa makusudi, yule alikwenda miaka 5 na kwa kweli nilishukuru. Tofauti mahakama inaiona: makusudi au uzembe, mara moja au kila siku, mtoto alipelekwa hospitali au alifichwa. Dada ako akiwa alikawia kumpeleka mtoto hospitali kwa kuogopa polisi, mwambieni wakili mapema, lisije likatoka kwa daktari siku ya ushahidi.

Kuna jambo linaniuma mpaka leo. Mdogo wangu wakati huo alikua Mpanda kwenye machimbo, hela haitumi, na kwenye hati jina ni moja tu, la mama. Sheria ya Mtoto inasema wajibu wa malezi ni wa wazazi, sio wa mama peke yake. Nilimpigia mwenyewe nikamwambia urudi au nakuja na barua ya ustawi. Na wewe shemeji yako yuko wapi? Hilo aulizwe na litajwe kwenye taarifa, maana mahakama inatakiwa ijue kwa nini yule mama alikua peke yake.

Dhamana: hilo ni kosa lenye dhamana na dhamana ni bure, anayekuomba hela kituoni mkatalie. Mdhamini awe na barua ya serikali ya mtaa au kijiji na kitambulisho, na awe mtu wa kuhudhuria kila tarehe, hata zile za kutajwa tu, ambazo kesi inapangiwa tarehe nyingine bila kusikilizwa. Mtoto mkubwa anaweza kuitwa shahidi, sheria toka 2016 inaruhusu wa umri mdogo aongee bila kiapo ila aahidi kusema kweli, sasa msimkaririshe, atachanganyikiwa na hakimu ataona. Wakili mkikosa hela, toka 2017 kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, ulizeni halmashauri au mahakamani wasaidizi wa kisheria wako wapi, na 116 ni simu ya bure ya mambo ya mtoto. Akihukumiwa vibaya, kusudio la rufaa ni ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe siku 45, na Mahakama Kuu ipo hapa hapa Kigoma.

Niandikie hapa jina la kosa kama lilivo kwenye hati, usijumlishe, nakili neno kwa neno, na uniambie yule mdogo saivi analala kwa nani. Hayo mawili nikiyajua nitakwambia kesho muanzie ofisi gani.