Maswali ya Wasomaji: Kupiga Rangi Upya Gari la Zamani

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni rangi ya magari ya zamani: inagharimu nini, ni lini inafaa kupigwa upya, na ni lini ni afadhali kuiacha ilivyo. Tumechagua barua nne.

SWALI: Kijana wangu, ninayo Volkswagen Beetle ya mwaka 1967 ambayo nimeiendesha kwa miaka 31. Rangi yake imefifia, boneti ina nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, na chini ya milango kumeota malengelenge ya kutu. Mafundi wawili wamenipa makadirio ya kuipiga rangi upya, na bei ya pili ni mara nne ya ile ya kwanza, ilhali wote wameniahidi rangi ya aina moja. Je, huyu wa pili ananionea?
Mzee mwenye Beetle

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Kwa maelezo uliyonipa, sidhani kama fundi wa pili anakuonea. Ninachokiona ni kwamba mafundi hao wamekupa bei za kazi mbili tofauti ambazo, kwa bahati mbaya, zote huitwa kwa jina moja la kupiga rangi. Gari la ukubwa wa Beetle humaliza takriban lita 3 hadi 4 za rangi, kwa hiyo hata ukinunua rangi ya daraja la juu kabisa, bei ya makopo peke yake haiwezi kuleta tofauti kubwa namna hiyo. Tofauti imo katika saa za kazi zinazotangulia bunduki ya rangi: kuvua vioo na bampa, kukwangua rangi ya zamani, kuondoa kutu, kunyoosha bati, kupiga msasa, kupuliza praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia, kisha kupiga msasa tena. Kupuliza rangi yenyewe ni kazi ya siku moja, lakini maandalizi ya gari la umri huo, yakifanywa mpaka kwenye bati tupu, yanaweza kabisa kupita saa 100.

Nianze na nyufa za boneti, kwa sababu ndizo zitakazokuonyesha ni fundi yupi amelitazama gari lako kwa makini. Nyufa za namna hiyo hutokea pale matabaka ya rangi yanapokuwa mengi mno, au yanapokuwa ya aina zisizopatana, ambapo tabaka la chini hutanuka na kunywea kwa jua na baridi kwa kiasi tofauti na lile la juu, hadi la juu likapasuka. Dawa yake ni kukwangua yote mpaka chini. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa gari langu la kwanza la zamani lilipigwa rangi juu ya nyufa kama hizo. Siku nilipolichukua liling'aa kama kioo, na kabla mwaka haujaisha nyufa zote zilikuwa zimerudi, mstari kwa mstari, mahali pale pale zilipokuwa. Nililipa mara ya pili, na safari hiyo nililipia pia kazi ya kukwangua rangi ambayo ilikuwa bado mpya.

Kabla hujaamua lolote, ijue rangi iliyopo. Chovya kitambaa cheupe kwenye thina ya selulosi, yaani kiyeyusho cha rangi, kisha usugue mahali pasipoonekana, kwa mfano ndani ya buti. Rangi ikiyeyuka na kuhamia kwenye kitambaa kwa urahisi, ni ya jamii ya selulosi. Rangi hizo ziliingia katika magari ya kawaida General Motors ilipoanza kuzitumia kwenye magari ya Oakland ya toleo la mwaka 1924, na tabia yake ni kwamba hukauka kwa thina kupotea hewani tu, kwa hiyo thina huweza kuziyeyusha tena hata baada ya miaka 50. Ikikunjamana badala ya kuyeyuka, huenda ni enameli. Ikikaa imara bila kutoa chochote, huenda ni rangi iliyochanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, na kama ndivyo, kuna mtu aliyelipiga gari rangi baada ya kutoka kiwandani. Fundi anayepuliza rangi yenye thina kali juu ya enameli ya zamani bila kupima hivyo atashangaa kuiona ikijikunja mbele ya macho yake.

Pima pia unene. Rangi ya kiwandani mara nyingi huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150, na kipimo kikisoma mikroni 1000, yaani milimita 1, huenda mahali hapo pana puti, ule udongo wa kujazia mabonde ya bati. Kama huna kipimo, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini itakusaidia: ipitishe polepole kwenye madigadi na chini ya milango, na pale itakapokataa kushika, bati liko mbali na mkono wako.

Sasa hayo malengelenge ya kutu. Kutu inayoonekana kwa nje chini ya mlango kwa kawaida ilianza ndani, hivyo kuipiga msasa na kuifunika kwa puti ni kuiahirisha tu. Katika Beetle kuna mahali pawili pa kukagua kabla ya kutoa hata senti moja ya rangi. Pa kwanza ni mifereji ya hewa ya moto inayopita chini ya milango, pande zote mbili, ambayo pia ni sehemu ya uti wa mgongo wa bodi. Pa pili ni sakafu iliyo chini ya kiti cha nyuma, betri inapokaa na tindikali yake kudondoka. Kama bati la huko limeoza, pesa ya rangi ihamie kwanza kwenye kuchomelea, hata kama rangi itasubiri mwaka mzima.

Kuna swali moja ambalo ningependa uwaulize mafundi wote wawili: je, madigadi yatafunguliwa? Madigadi ya Beetle yamefungwa kwa bolti, na kati ya kila digadi na bodi kuna utepe mwembamba wa plastiki. Fundi wa haraka huyaacha yalivyo, hupuliza rangi juu ya utepe huo pamoja na bati, na rangi huunganika kuwa ngozi moja kutoka digadi hadi bodi. Gari likianza kutikisika barabarani, ngozi hiyo hupasuka kando ya utepe na maji huingia humo, mahali ambapo jicho halifiki. Fundi wa makini hufungua bolti zote, ambazo baadhi zitakatika kwa kutu, hupiga rangi kila kipande peke yake, kisha huyarudisha madigadi kwa utepe mpya. Vivyo hivyo kwa vioo: kubandika karatasi kwenye raba ya kioo ni kazi ya dakika chache, lakini huacha ukingo wa rangi ambao ndio wa kwanza kubanduka. Ukichagua vioo vitolewe, nunua raba mpya mapema, maana za zamani hukatika zikiguswa tu, na gari lisilo na kioo litakaa gereji likingoja.

Waombe makadirio yaandikwe kipengele kwa kipengele, ukubaliane na fundi kulipa kwa awamu, na uweke sharti kwamba utaitwa kulitazama gari likiwa bati tupu, kabla praima haijapulizwa. Siku hiyo piga picha za kila upande. Weka pia akiba kwa ajili ya kutu itakayofichuka, kwa sababu hakuna fundi mkweli anayeweza kukuambia bei kamili ya kitu kilicho chini ya rangi kabla rangi haijatoka.

SWALI: Peugeot 404 yangu ni nyeupe tangu kiwandani. Kwa kuwa nimeshaamua kuipiga rangi, je, kuibadilisha iwe nyekundu iliyokolea kutaongeza gharama?
Msomaji mpenda nyekundu

JIBU: Kutaiongeza sana. Ukirudia rangi ile ile, mahali kama ndani ya chumba cha injini, chini ya mazulia na nyuma ya dashibodi panaweza kuachwa kama ni pasafi. Ukibadilisha, kila mlango utakaoufungua utaonyesha weupe wa zamani, na ili kuuondoa kabisa itabidi injini itoke na gari livuliwe karibu lote. Rangi iliyokolea pia hufichua kila bonde dogo la bati ambalo nyeupe ilikuwa ikilisitiri, hivyo saa za msasa zitaongezeka, na baadhi ya nyekundu hufifia upesi juani. Mimi ningebaki na nyeupe. Kama moyo umeshaamua, angalia kwanza iwapo rangi imeandikwa kwenye hati za usajili, ili uzibadilishe pia.

SWALI: Marehemu baba ameniachia Land Rover Series IIA ya mwaka 1964. Rangi yake ya kijani imechakaa mpaka bati linaonekana kwenye kingo za milango na mahali alipokuwa akiegemeza kiwiko chake. Ndugu zangu wanasema ni aibu kuiacha hivyo. Nifanye nini?
Binti wa mwenye Land Rover

JIBU: Pole kwa kuondokewa na mzazi, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ushauri wangu ni kwamba usiharakishe. Rangi ya kiwandani ikishakwanguliwa hairudi tena, na hapo mlangoni pamechakaa kwa mkono wa baba yako. Hakuna fundi atakayeweza kukurudishia hilo. Si mapenzi ya familia peke yake yanayonifanya niseme hivyo. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipitisha Hati ya Turin mwaka 2012, na hati hiyo inatanguliza kuhifadhi kilichopo kabla ya kufikiria kukifanya kipya. Wanunuzi wengi wa magari ya kale nao sasa huthamini gari lenye rangi yake ya kwanza, hata iliyochakaa, kuliko lililong'arishwa upya.

Gari lako linakupa nafasi nzuri ya kusubiri, kwa sababu mabati yake mengi ya nje ni aloi ya alumini, ambayo haioti kutu nyekundu. Chasisi na ukuta unaotenganisha injini na abiria ndivyo vya chuma, na huko ndiko kunakohitaji pesa yako sasa. Tazama sehemu za kuwekea miguu na makutano ya alumini na chuma. Ukiona unga mweupe mahali hapo, ujue metali hizo mbili zinalana kwa sababu ya unyevu ulio kati yake, na zinahitaji kutenganishwa, kusafishwa na kuwekewa kizuizi kabla ya kufungwa tena. Rangi ya nje ioshe kwa sabuni laini, ijaribu kwa polishi isiyokwaruza mahali padogo, kisha uipake nta. Utashangaa ni kiasi gani cha kijani kitakachorudi. Kitambaa chako kikipata rangi ya kijani usiogope, maana rangi za enzi hizo hazikuwa na tabaka la juu la uwazi ambalo mafundi huliita klia, na kila unaposugua unaondoa rangi kidogo. Kwa sababu hiyo hiyo, usisugue kila wiki.

Ikiwa siku moja mtaamua kupiga rangi paneli moja iliyoharibika, hakikisha fundi amewahi kufanya kazi ya alumini. Alumini iliyosafishwa hujifunika tena kwa utando mwembamba mara tu inapokutana na hewa, na isipopata mapema praima iliyotengenezwa kwa ajili yake, rangi itabanduka kama ganda. Soda kali ya kukwangulia isiikaribie kabisa.

SWALI: Kaka, nina Datsun 1200 ya mwaka 1972 na bajeti ndogo. Rafiki yangu ana kompresa na bunduki ya rangi. Tunaweza kuipiga rangi wenyewe uani?
Kijana wa Datsun

JIBU: Mdogo wangu, kazi hii igawe mara mbili. Rangi nyingi za kisasa hukomaa kwa hadina yenye isosayaneti, kemikali inayoweza kumsababishia mtu pumu ya kudumu. Akishaipata, hata chembe kidogo baadaye humbana kifua. Haina harufu ya kukuonya kwamba chujio la barakoa limekwisha nguvu, na ndiyo maana wapulizaji makini hutumia kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Kama hamna kifaa hicho, kupuliza kuacheni kwa mwenye chumba cha rangi. Uani pia kuna vumbi, wadudu na majirani wanaovuta hewa hiyo hiyo.

Maandalizi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gharama, mnaweza kuyafanya wenyewe, mradi kwanza mkubaliane na fundi atakayepuliza, kwa kuwa wengi hawakubali kudhamini rangi iliyokaa juu ya kazi ya mtu mwingine. Kwa gari la mwaka 1972, chukulieni kwamba rangi ya zamani ina madini ya risasi: pigeni msasa kwa maji, watoto wakae mbali, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Puti ianze na msasa namba 80, ifuatwe na 180, na praima imalizwe na 320 kwenda 400 au 600. Baada ya praima ya kujaza kukauka, pulizeni juu yake ukungu mwepesi sana wa rangi nyeusi, kisha msugue kwa msasa uliofungwa kwenye kibao kirefu. Weusi utatoka kwenye vilima kwanza. Pale unapobaki kama kivuli ndipo penye bonde ambalo kiganja chako hakikuliona. Rudieni mpaka weusi utoke wote kwa pamoja.

Gari likirudi kutoka kwa mpulizaji, lioshwe kwa maji tu mwanzoni, lisifunikwe turubai, na nta isubiri siku 30 au muda ulioandikwa na mtengenezaji wa rangi hiyo, kwa sababu rangi iliyokauka kwa hewa huendelea kutoa thina muda mrefu baada ya kuonekana kavu.